Siku Kumi za Kumwangalia Mbwa Si Siku Kumi za Kusubiri

Mtu aking'atwa na mbwa, ushauri wa kwanza anaopewa na waliomzunguka huwa ni huu: mbwa afungwe, aangaliwe kwa siku 10, na akibaki mzima basi hakuna la kuhofia. Ushauri huo una chimbuko la kitabibu, ndiyo maana unaaminika, lakini jinsi unavyotekelezwa umegeuzwa kichwa chini miguu juu. Mahali ambapo kichaa cha mbwa bado kipo, aliyeng'atwa huanza chanjo mara moja huku mbwa akiangaliwa, na mbwa akiwa bado mzima siku hizo zikiisha, daktari anaweza kusitisha sindano zilizobaki. Yapo mazingira ambamo daktari huamua kungoja, kwa mfano mbwa anapofahamika, ana afya na ana kumbukumbu za chanjo, ila uamuzi huo ni wake, si wa mwenye mbwa wala wa jirani.

Hesabu ya siku 10 inatokana na tabia ya virusi vyenyewe, ambavyo huingia kwenye mate ya mbwa au paka siku chache tu kabla hajaonyesha dalili. Aliyekuwa na virusi mateni siku aliyong'ata ataugua au kufa ndani ya muda huo. Kanuni hii haimhusu popo, mbweha wala mnyama mwingine wa porini, na haina maana yoyote ikiwa mbwa ametoroka au ameuawa.

Kabla ya yote hayo, kuna kazi ya kufanywa palepale, nayo ndiyo ninayoona inapuuzwa kuliko zote. Jeraha lioshwe kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili. Dakika 15 ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, hasa mtoto anapolia na maji yanapochonyota, kwa hiyo ni vyema kutazama saa badala ya kukisia. Povu lifike ndani ya matundu ya meno, maana ndimo mate yalimoachwa, na maji yaendelee kupita hata damu inapokwisha kuonekana. Virusi hivi vimefunikwa na utando wenye mafuta ambao sabuni huuharibu, hivyo kipande cha sabuni ya kufulia kinafaa kabisa. Baada ya hapo hupakwa iodini au spiriti. Pilipili, majivu, mafuta na majani yaliyopondwa havina nafasi hapa, kwani huchokoza jeraha na kuficha uchafu. Jeraha pia halipaswi kukimbiliwa kushonwa.

Ukubwa wa jeraha nao huwadanganya wengi. Mkwaruzo mdogo usiotoa damu tayari ni sababu ya kupewa chanjo. Ngozi ikiwa imetobolewa, au mate yakiwa yamegusa kidonda, jicho au mdomo, huhitajika pia kingamwili zilizo tayari, ambazo hudungwa ndani ya jeraha na pembezoni mwake. Kwenye ncha ya kidole sindano hiyo inauma kwelikweli, lakini hulinda katika siku za mwanzo ambapo mwili haujatengeneza kinga yake. Aliyerambwa na mnyama kwenye ngozi nzima, isiyo na mchubuko, hahitaji zaidi ya kunawa.

Wapo wanaokwepa hospitali kwa kuogopa sindano nyingi za tumboni walizosimuliwa na wazee. Hizo zimepitwa na wakati; chanjo za sasa huchomwa begani, au pajani kwa watoto wadogo, na ratiba huanzia siku ya kwanza ya matibabu, nyingine zikiisha baada ya wiki moja na nyingine zikiendelea hadi wiki ya tatu au ya nne. Mjamzito na anayenyonyesha huchanjwa pia. Mhudumu ataangalia vilevile kinga ya pepopunda.

Chanjo hufanya kazi hata baada ya kung'atwa kwa sababu virusi husafiri polepole kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur aliutumia mwanya huo mwaka 1885, alipomchanja Joseph Meister, mtoto wa miaka 9 aliyekuwa ameng'atwa siku mbili kabla, naye akapona. Kwa kawaida dalili huchukua miezi miwili au mitatu kutokea, ingawa zinaweza kuja baada ya wiki moja au kuchelewa kupita mwaka, na zikishatokea ugonjwa huua karibu kila mgonjwa.

Kwa hiyo aliyeng'atwa wiki kadhaa zilizopita na hakwenda popote asijiambie kwamba muda umempita. Aende leo, na atapokewa kama aliyeng'atwa jana. Aliyewahi kukamilisha chanjo hii zamani aende pia na aseme hivyo mapema, kwa kuwa yeye huhitaji sindano chache zaidi na hadungwi kingamwili.