Mafuta ya Alhamisi Kuu

Kichupa chenyewe hakikuzidi kidole gumba. Mlikuwa na mafuta ya zeituni ya kupaka wagonjwa, yaliyobarikiwa na askofu Alhamisi Kuu, kabla ya Pasaka, kule kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini, Unguja, na padri alikuwa amekizungushia kitambaa kisije kikamwagika mkobani. Tulikuwa Mbweni, wakati wa masika, chumbani kwa bibi mzaa mama, aliyepigwa na kiharusi wiki sita nyuma. Mkono wa kushoto umelegea, mdomo umekwenda upande.

Kazi yangu ilikuwa kutayarisha meza: kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa mmoja, vipande vitatu vya pamba kavu, na kisosi chenye ndimu na chumvi kidogo, maana mafuta hayatoki kidoleni kwa maji matupu. Pamba iliyotumika haitupwi jaani. Huchomwa, majivu yakafukiwa. Mlango uachwe wazi, na chumbani wasizidi watu wanne. Hilo la mwisho halikuwa dogo. Majuma mawili kabla walikuja waombaji wakamkalia bibi saa tatu nzima wakipaza sauti, wakamwambia aache vidonge vya presha ili aonyeshe imani. Aliacha siku nne, kichwa kikamuuma hata macho yakaingia kiza. Yakobo, katika waraka wake kwenye Biblia, anasema mgonjwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta. Hakusema dawa itupwe.

Padri alivuta kigoda, akauliza kwanza kama vidonge vya leo vimemezwa. Kichupa hakukigusa. "Bibi, yuko mtu uliyemwekea kinyongo moyoni?"

Bibi alinyamaza. Adhana ya alasiri ikaanza, ikaisha. Ndipo akamtaja mdogo wake wa Kiembesamaki. Miaka 11 hawasemezani, kwa ajili ya minazi saba ya baba yao.

"Basi mafuta yatangoja," padri akasema.

Watu husoma Yakobo 5:14 wakasimama hapo kwenye mafuta. Mstari wa 16, wa kuungamiana, wanauruka. Kwa wagonjwa wengi kidonda kimejificha hapo.

Nikatumwa kumwita huyo mdogo wake. Bibi mdogo alikuja na kanga ya jikoni, unga bado mikononi, akasimama kizingitini bila kupiga hodi. Bibi akasema kwa ulimi mzito, "Pale palipokuwa na mti wa kuchapia watumwa leo pana altare. Sisi minazi imetushinda." Sisi wa Mbweni ni wajukuu wa watumwa waliokombolewa, na kanisa la Mkunazini lilianza kujengwa 1873, mwaka soko la watumwa la pale lilipofungwa, kwa hiyo maneno yale hayakuhitaji kufafanuliwa. Mdogo wake akakaa kitandani, akaushika ule mkono mlegevu. Unga ukabaki kwenye ngozi ya bibi.

Kupaka kwenyewe hakukufika dakika tano. Padri aliweka mkono kichwani, kimya, kisha akachukua tone moja tu, kwani yakizidi hutiririka machoni. Msalaba kwenye paji la uso, kisha viganja vyote viwili. Tukasali Baba Yetu, bibi akitangulia na kukwama, mdogo wake akimpokea pale alipokwama.

Mkono haukuamka. Lakini usiku ule alilala mpaka alfajiri, mara ya kwanza tangu kiharusi, na asubuhi akameza vidonge vyake kwa uji.

Jumamosi yake bibi mdogo alikuja na madafu mawili ya minazi ile, akaliweka la kwanza mdomoni mwa dada yake.