Printa ya wino au ya leza? Kwetu leza imeshinda

Hatuprinti kila siku. Leo ni mitihani ya majaribio ya watoto, kisha wiki kadhaa kimya. Printa ya wino ikikaa hivyo, wino hukauka kwenye vitundu vyake, na kila ukiisafisha inakunywa wino uleule uliolipia. Inaudhi! Leza hutumia tona, ambayo ni unga, haina cha kukauka.

Kasheshe ya leza ni umeme: ikianza kupasha moto sehemu ya kuyeyushia unga, hunyonya wati mia kadhaa kwa mkupuo, kwa hiyo msiichomeke kwenye inveta ndogo ya sola.

Picha za rangi napeleka stesheneri, wana mashine ya matangi ya wino. Leza ya rangi? Bei yake acha tu.