Kabla ya kumfuata shakwe mgeni Mwanza, tazama mwezi

Kila ikifika Novemba, ujumbe wa namna moja huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya watazama ndege. Picha ya simu, imevutwa mpaka ikapasuka: shakwe mkubwa mwenye mgongo mweusi amesimama kwenye ukingo wa mtumbwi, na chini yake maneno mawili, "Mwanza, jana." Jua halijazama, mtu wa Arusha ameshaulizia nauli na wa Dar anapiga hesabu ya basi la usiku. Nimekuwa nikiziwaza safari hizi wiki hii, na naona nyingi huharibika kabla msafiri hajaliona Ziwa Victoria. Zinaharibikia kwenye kalenda.

Shakwe wa Mwanza anafuata dagaa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa inahitaji giza. Mwezi ukikaribia kuwa mpevu, mwanga unaenea ziwa zima, dagaa hawajikusanyi penye taa, na wavuvi wengi hupumzika kwa wiki moja hivi au zaidi. Siku hizo mwaloni, mitumbwi inakoshushia samaki, hapana kitu cha kudokoa, na ndege waliokuwa mia mahali pamoja wanatawanyika visiwani na kwenye majabali. Anayefika wakati huo husema ndege ameondoka, kumbe yuko kilomita chache tu ng'ambo. Kwa hiyo kata tiketi ya siku zinazozunguka mwezi mwandamo. Faida nyingine ya giza ni wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu kama nguzo za moshi: buabua huwafuata kwa makundi, na kwenye kundi la buabua ndiko mgeni mdogo hujificha.

Saa nayo ina mambo yake. Mji wa Mwanza uko upande wa mashariki wa ghuba, hivyo asubuhi ukitazama ziwa jua liko mgongoni kwako. Kuanzia saa moja hadi saa tatu ndipo penye kazi: mitumbwi imerudi, dagaa wanashushwa, mwanga bado laini. Ikifika saa nne mchanga umeshika moto, hewa inatetemeka, na darubini ya miguu mitatu ukiivuta zaidi ya mara 30 unaona uji mtupu. Jioni jua linakupiga machoni na kila shakwe anageuka kivuli cheusi. Ripoti nyingi za "mgongo mweusi tii" zimezaliwa jioni.

Kuna jambo la upepo ambalo wageni hawaambiwi. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na shakwe aliyetua huuelekea upepo. Maana yake anakutazama wewe: unaona mdomo, jicho na kifua, lakini mgongo uliosafiri kuja kuuona umefichika. Usimsogelee. Tembea pembeni, sambamba na ufuo, hatua hamsini au mia, mpaka umwone kwa ubavu, kisha subiri. Wingu jepesi ni zawadi, kwa sababu kijivu na cheusi huhukumiwa vizuri bila jua kali.

Sasa kumtambua. Kabla ya kumtafuta mgeni, mpe mwenyeji nusu saa. Mwenyeji ni shakwe kichwa-kijivu (Chroicocephalus cirrocephalus): mdomo na miguu myekundu, jicho lililopauka, na chini ya bawa kijivu kizito. Nje ya msimu wa kuzaliana kichwa chake hupauka mpaka kikabaki doa nyuma ya sikio, na hapo ndipo watu hupiga kelele kuwa wamemwona shakwe kichwa-cheusi (C. ridibundus) wa Ulaya na Asia. Angalia jicho kwanza. La kichwa-cheusi ni jeusi. Halafu msubiri aruke. Mgeni ana kabari nyeupe kwenye ukingo wa mbele wa nusu ya nje ya bawa, na mwenyeji ana ncha pana nyeusi yenye madoa meupe. Doa la sikio lisikuamulie chochote.

Shakwe mgongo-mweusi (Larus fuscus) ni suala gumu zaidi, na kusema kweli ziwani hapa si adimu kiasi watu wa pwani wanavyodhani. Wale weusi tii, wembamba, wenye mabawa marefu yanayopita mkia, huzaliana pande za bahari ya Baltiki. Waliofungwa vifaa vya satelaiti nchini Finland wamefuatiliwa hadi kwenye ziwa hili hili. Wapo pia wa jamii ya heuglini, wa kaskazini ya Urusi: wakubwa kidogo, mdomo mnene, mgongo wa rangi ya wingu la mvua. Mtego uko kwenye manyoya. Wengi hubadilisha manyoya makuu ya mabawa wakiwa huku Afrika, kwa hiyo bawa la Desemba linaweza kuwa fupi na lenye mapengo, na ule urefu unaosomwa kwenye vitabu haupo. Tena shakwe wa aina hii huchukua takribani miaka minne kufikia rangi ya utu uzima. Ukikutana na wa kahawia mwenye madoadoa, wa mwaka wa kwanza, andika "shakwe mkubwa, mchanga" ulale usingizi wako. Majina ya uhakika kwa ndege wa namna hiyo mimi siyaamini bila picha nzuri.

Anayestahili nauli ya haraka ni Larus ichthyaetus, jitu linalozidi wote hao, mdomo wa njano wenye mkanda mweusi karibu na ncha; mkubwa wake huanza kuvaa kofia nyeusi mapema mwakani, wengine wakiwa bado na vichwa vyeupe.

Vifaa: darubini ya mkono ya 8x42 au 10x42 kwa kutafuta, ya miguu mitatu kwa kuamua. Simu shikilia kwenye jicho la darubini, piga video fupi badala ya picha moja. Fremu moja ya bawa lililofunguka inatosha.

Ukiona pete ya watafiti mguuni, acha yote mengine. Mguu wa njano wa shakwe aliyesimama kwenye dagaa huwa umepakwa magamba mpaka nusu ya herufi haisomeki, basi mngoje aingie majini aoshe. Andika mguu upi, juu au chini ya kifundo, rangi ya pete, rangi ya maandishi, na herufi zimepangwa kuelekea juu au chini. O na 0, B na 8, U na V hukosewa kila msimu. Ukiwa na shaka weka alama ya kuuliza. Herufi ya kubahatisha humpeleka ndege mwingine kabisa kwenye kumbukumbu. Taarifa hutumwa kwa EURING, umoja wa vituo vya pete vya Ulaya, nao huielekeza kwa aliyeifunga.

Ndege aliyekufa usimguse kwa mkono mtupu, hata kama ana pete. Januari 2017 homa ya mafua ya ndege ya H5N8 iliua buabua wengi upande wa Uganda wa ziwa hili. Piga picha ya pete, toa taarifa kwa afisa mifugo.

Kuhusu adabu. Mwaloni Kirumba ni soko, watu wako kazini. Anza na uongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia mwalo, salimia. "Mwangaluka", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, hupokelewa vizuri kuliko kamera kubwa. Akina mama wanaoanika dagaa hushinda wakifukuza kongoti na mwewe, kwa hiyo anayerusha samaki ili shakwe waruke apate picha anawaongezea wezi. Ukielekea Igombe unapita karibu na uwanja wa ndege, lenzi ibaki ndani ya begi. Bandarini vivyo hivyo. Usiingie majini peku, kichocho kipo. Ukikodi mtumbwi, mwambie nahodha azime injini mbali na azunguke, na boya livaliwe, lisikaliwe.

Ndege akikosekana mwaloni, jaribu majabali ya Capri Point, au panda boti ya kwenda kisiwa cha Saanane, kilichoanza kama bustani ya wanyama 1964 na kuwa hifadhi ya taifa 2013.

Na ukimkosa kabisa, andika hivyo hivyo. Kwenye eBird, tovuti ya kumbukumbu za ndege, weka orodha kamili: tarehe, saa uliyoanza na uliyomaliza, mwalo gani, kichwa-kijivu wangapi, na kwenye maelezo mwezi ulikuwa na umri gani na mitumbwi ilishusha au haikushusha.