Kumbukumbu ya mradi: saa za seli na dozi ya deksamethasoni

Wiki hii, hapa Mbeya, nimekamilisha sehemu ya modeli niliyokuwa nikiisubiri kwa hamu kubwa. Programu ninayoiandika kwa ajili ya klabu ya sayansi ya shule yetu sasa inaendesha seli 100 za binadamu za kuigiza kwenye kompyuta, kila moja ikiwa na saa yake, yaani mdundo wa ndani unaojirudia kila siku: protini za CLOCK na BMAL1 huwasha jeni za PER na CRY, kisha protini zitokanazo na jeni hizo huingia kwenye kiini cha seli na kuzizuia CLOCK na BMAL1, hadi zenyewe zivunjwe na mzunguko uanze upya baada ya takribani saa 24.

Kwa kuwa mizunguko ya seli hailingani kabisa, mstari wa grafu unaojumlisha seli zote hupanda na kushuka vizuri mwanzoni, halafu hulala. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne aliuliza, "Mwalimu, zimekufa?" Nilimfungulia grafu ya seli mojamoja, akaona kila mstari bado unacheza kwa nguvu ileile, ila huu ukiwa kileleni, mwenzake yuko bondeni.

Ndipo nikaongeza deksamethasoni, dawa inayofanya kazi kama kortisoli, homoni ya mwili. Katika seli halisi dawa hii hupenya utando, hushikamana na kipokezi cha glukokotikoidi (kundi la homoni na dawa za aina ya kortisoli), na viwili hivyo huenda pamoja kutua kwenye DNA jirani na PER1, mojawapo ya jeni za PER, ambayo huanza kunakiliwa kwa wingi, saa ya seli iwe imefika wapi. Kwenye modeli, mistari ilijikusanya kama kwaya iliyopewa sauti ya kuanzia. Dawa haikuunda saa yoyote. Ilizipatanisha zilizokuwapo, na kwangu hapo ndipo penye uzito wa mradi huu.

Mwaka 2000, timu ya mwanabiolojia Ueli Schibler wa Geneva, Uswisi, ilionyesha kwa panya kwamba dawa hiyohiyo husogeza saa za ini, figo na moyo, lakini haiigusi saa kuu ya ubongoni, ambayo seli zake hazina kipokezi hicho. Kwa hiyo hatua inayofuata ni kugawa seli zangu makundi mawili, zenye kipokezi na zisizonacho, kisha kuweka mdundo wa kortisoli, homoni ambayo mwilini hufikia kilele asubuhi. Hapo nitalinganisha kidonge cha predinisoloni, dawa nyingine ya kundi hilo la glukokotikoidi, kinachomezwa saa mbili asubuhi, wakati ambao wagonjwa wengi huelekezwa kukimeza, na kile cha saa mbili usiku.