Pima kwanza, ndipo ufute

Jumamosi asubuhi mstari wa nafasi ya diski C, diski kuu ya kompyuta yangu, uligeuka mwekundu. Zilibaki GB 3 kati ya 119. Nikakaa saa mbili nzima nikifuta kimoja kimoja: barua za kazi za zamani, picha zilizotikisika, risiti za PDF. Mavuno yake? MB 400. Mkono umechoka, mstari mwekundu vilevile.

Ndipo nikaweka WinDirStat, programu ya bure inayochora diski nzima kwa vibao vya rangi; faili ikiwa kubwa, kibao nacho kikubwa. Kumbe nilikuwa nahangaika na punje huku magunia yamejaa chumbani.

Gunia la kwanza ni folda ya Windows.old, GB 23, mabaki ya toleo la Windows nililolihama siku 4 kabla. Windows huiondoa yenyewe baada ya siku 10, lakini ikishaondoka, huwezi tena kurudi kwenye toleo la zamani. Kwa hiyo nilijaribu kwanza printa, sauti na kamera. Vyote vikafanya kazi, nikaiondoa kupitia mipangilio, kwenye sehemu ya faili za muda. Programu ya kuhariri video niliyoitumia mara moja tu nayo ikaenda na GB 9 zake.

Faili ya hiberfil.sys ilikula zaidi ya GB 6, nikaiacha. Humo ndimo kompyuta inamohifadhi kazi iliyo wazi inapolala usingizi mzito (hibernate), na betri yangu ni ya kuzimika ghafla.

Zile programu zinazojinadi kusafisha kila kitu kwa kubonyeza mara moja sizitaki kabisa. Microsoft wenyewe hawaungi mkono zile za kusafisha rejista, yaani hazina ya mipangilio ya Windows.

Kilichonitia baridi ni folda tatu za picha za simu, kila moja GB 7, zote zikionekana nakala moja. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta. Nikasema ngoja, nifungue. Katika ile ya pili mlikuwa na rekodi ya sekunde 41 isiyokuwa kwingine kokote: sauti ya marehemu baba, akiniuliza kama nimekula.

Niliihamisha kwanza, ndipo nikafuta folda mbili. Sasa zimebaki wazi GB 49. Rekodi ya baba iko kwenye kompyuta, na nakala yake iko kwenye diski ya nje.