Jinsi ninavyokadiria mahindi yaliyomo kihengeni kwa nyaya za joto

Kihenge cha bati ninachokisimamia hapa Makambako kina nyaya nne za kupimia joto zinazoning'inia kutoka paani, mmoja katikati na tatu pembeni, na katika kila waya kuna kihisi kila baada ya mita 1. Nyaya hizo ziliwekwa ili zituonye mahindi yanapoanza kupata joto. Kipimo cha rada, kinachopima kina cha mahindi kutoka juu, hatuna, na meneja hutaka kujua kila wiki zimebaki tani ngapi, kwa hiyo nikaanza kuzisoma kwa lengo la pili.

Mahindi hupitisha joto polepole mno. Kihisi kilichofukiwa husoma nyuzi zilezile alfajiri na alasiri, ilhali kilicho hewani, chini ya paa linalopigwa na jua, hupanda na kushuka. Na kwa baridi ya usiku ya Juni na Julai huku kwetu, tofauti hiyo haijifichi. Huandika vipimo vya saa kumi na mbili asubuhi na vya saa tisa alasiri, feni zikiwa zimezimwa, kisha hutafuta mahali ambapo kihisi kinachoyumba kinapakana na kilichotulia, kwani uso wa mahindi uko kati yao. Kihisi kinachopanda siku hadi siku bila kushuka usiku ni habari nyingine kabisa: hapo kuna wadudu au unyevu, na hesabu za tani zinapaswa kusubiri.

Kipenyo cha kihenge ni mita 10, hivyo kila mita 1 ya kina hubeba takriban tani 56, nikichukua kilo 720 kwa mita moja ya ujazo. Kukosea nusu mita ni tani 28, yaani lori zima la tela, na hakuna meneja atakayelivumilia hilo. Kwa sababu hiyo ninaithamini zaidi siku ambayo kihisi kilichokuwa kimetulia kinaanza kuyumba, maana uso wa mahindi umekifikia. Kuanzia hapo ninapunguza katika hesabu yangu tani zinazosomwa kwenye mizani ya malori, hadi kihisi cha chini yake nacho kiamke.

Umbo la uso ndilo lililonisumbua zaidi. Mahindi yakitolewa kupitia tundu la katikati, uso hubonyea kama faneli, na waya wa katikati huonyesha upungufu mkubwa kuliko ulivyo. Kwa hesabu ya umbo la pia (koni), kina cha wastani hupatikana kwenye theluthi mbili za nusu kipenyo kutoka katikati, yaani mita 3.3, iwe uso umebonyea au umechongoka. Nyaya zetu za pembeni zinaning'inia karibu na hapo, nazo ndizo ninazozitegemea. Wa katikati huniambia umbo tu.

Masika, mawingu yakitanda mfululizo, njia hii hudhoofika, nami hushusha futikamba kupitia mfuniko wa juu. Kuingia ndani nimekataza kabisa, kwa kuwa mahindi yanayotiririka humzamisha mtu kabla hajaita msaada.