Ripoti Iliyoziba Seva Nzima

Mfumo ninaoutunza unatumiwa na makarani wa kampuni moja ya kuondosha mizigo bandarini hapa Mombasa, na kero yao kubwa ilikuwa ripoti ya mwisho wa mwezi, ile inayokusanya kila kontena lililotoka Kilindini pamoja na tozo zake. Karani alibonyeza kitufe, akasubiri, na baada ya nusu dakika akaletewa ukurasa mweupe wenye namba 502, yaani seva ya mbele haikupata jibu sahihi kutoka kwa ile ya nyuma.

Namba hiyo ilinipoteza kwa muda, kwa sababu nilitarajia 504, ile ya seva ya nyuma iliyochelewa kujibu. Nginx, seva iliyokaa mbele na kupokea maombi, husubiri sekunde 60 isipobadilishwa, ilhali Gunicorn, seva iliyokaa nyuma yake na kuendesha programu yenyewe, huvumilia sekunde 30 tu kisha humuua mtendakazi (mchakato unaojibu maombi) aliyenyamaza. Kwa hiyo jibu lilikatika kabla Nginx haijachoka.

Nilifanya kosa ambalo nadhani wengi wetu tumelifanya: nikapandisha mipaka yote miwili hadi sekunde 300. Ripoti ilifunguka, nami nikashukuriwa. Mwisho wa mwezi uliofuata ndipo nilipoona nilichokifanya. Seva ile ilikuwa na watendakazi wanne, na kila mmoja hushughulikia ombi moja kwa wakati mmoja. Karani alipoona ukurasa unachelewa aliupakia upya, na ombi la kwanza halikufa, kwani mtendakazi hana habari kwamba aliyeuliza ameshaondoka. Aliendelea kupiga hesabu za mtu asiyekuwepo. Makarani wawili wenye papara walitosha kuwashika watendakazi wote, na aliyetaka kuingia tu kwenye mfumo akabaki nje. Nilipigiwa simu nikaambiwa intaneti imekatika.

Siku hizi kitufe hicho hakitengenezi ripoti. Huandika safu moja kwenye hifadhidata, huiweka kazi kwenye foleni ya Redis (hifadhi ya data ya haraka inayokaa kwenye kumbukumbu), kisha seva hujibu papo hapo kwa namba 202, ambayo maana yake ni kwamba ombi limepokelewa lakini halijakamilika, pamoja na namba ya kazi. Mchakato mwingine kabisa, ulio nje ya Gunicorn, huichukua kazi hiyo, na ukurasa huuliza hali yake kila baada ya sekunde tatu. Karani akibonyeza tena kwa mwezi uleule, hupewa namba ileile ya kazi, na kwangu mimi hilo ndilo lililoleta nafuu kuliko foleni yenyewe. Faili la ripoti nalo huandikwa kwa jina la muda, likabadilishwa jina likishakamilika, ili mtu asipakue ripoti iliyokatika katikati.

(Nakiri pia kwamba nusu ya ucheleweshaji ulikuwa wangu: msimbo uliiuliza hifadhidata tozo za kontena mojamoja, badala ya kuzileta zote kwa mkupuo.)

Lililobaki kunisumbua ni kazi zinazokufa njiani. Nikiwasha upya mchakato wa nyuma wakati ripoti inatengenezwa, safu hubaki imeandikwa "inaendelea", na karani huitazama hadi saa ya kufunga ofisi. Sasa kila kazi huandika saa yake upya kila baada ya sekunde 15, na iliyonyamaza kwa dakika mbili huandikwa kuwa imeshindikana, kitufe kikarudi.